Akiba ya dagaa kwa siku za mbalamwezi: kilo ngapi, na kwa nini ndoo iliingia wadudu

Swali: Tunaishi Igoma, Mwanza, watu wazima 4 na watoto 2. Dagaa tunakula karibu mara 4 kwa wiki, na mama mkwe wangu hali samaki mwingine yeyote wa ziwani. Kila mbalamwezi ikifika dagaa wanaadimika, na wachache waliopo ni wabovu na bei imepanda. Safari moja nikaona nimalize tatizo: nikajaza ndoo ya lita 20 na kufunga. Nilipofungua wiki ya 6 nilikuta harufu kali, vumbi chini na viwavi vyenye manyoya. Majirani wananicheka kwamba naweka akiba ya njaa ya wiki moja. Je, niweke kiasi gani na kwa njia gani? Na dagaa wa Kigoma hawawezi kuziba pengo?

Jibu:

Waache majirani wacheke. Uhaba ambao siku yake ya kuanza na ya kwisha inajulikana ni rahisi kuuwekea akiba kuliko mwingine wowote. Wazo lako lilikuwa zuri, kosa lilikuwa kwenye ndoo: dagaa wengi mno, ambao hawakuwa wamekauka vya kutosha, kwa muda mrefu mno. Unachohitaji ni kilo moja na nusu tu, na uibadilishe kila mwezi.

Tuanze na mwezi wenyewe, maana hesabu yote inatoka huko. Dagaa wa Ziwa Victoria huvuliwa usiku kwa taa, zamani karabai, siku hizi zaidi taa za betri na sola. Taa huvuta vijidudu vidogo vya majini ambavyo dagaa hula, na dagaa wenyewe hufuata mwanga hadi juu, ndipo wavu unapopita chini yao. Mbalamwezi inapoangaza ziwa zima, taa ya mvuvi inakosa nguvu: dagaa wametawanyika kila mahali na safari hailipi mafuta ya injini. Ndiyo maana wavuvi wanagawa mwezi sehemu mbili tu, giza na mbalamwezi, na wakati wa mbalamwezi mitumbwi mingi hupumzika kwa usiku 7 hadi 10.

Usihesabu siku hizo kwa kutazama juu jioni. Tumia mwezi mpevu kama msumari, yaani usiku wa kumi na nne wa mwezi kwa wanaofuata kalenda ya Kiislamu, kisha hesabu kwenda nyuma na mbele. Mwezi huchelewa kuchomoza kwa wastani wa dakika 50 kila siku. Siku ya mwezi mpevu unachomoza jua linapozama. Siku 4 baadaye unachomoza karibu saa 4 usiku, kwa hiyo mvuvi anapata saa kadhaa za giza mapema na anaanza kurudi kazini. Kabla ya mwezi mpevu ni kinyume chake: giza linabaki alfajiri tu, na kila usiku linapungua.

Sasa kuna jambo ambalo wengi wanalikosea. Uhaba wa sokoni hauendi sambamba na uhaba wa ziwani. Wavuvi wakiacha leo, wafanyabiashara wa soko la Mwaloni Kirumba bado wana magunia, kwa hiyo siku 2 au 3 za kwanza hutaona tofauti. Wavuvi wakirudi, mzigo wa kwanza unahitaji siku moja ya jua kali kukauka, halafu usafiri kutoka Ukerewe, Goziba na visiwa vingine, halafu mikono miwili mitatu ya wachuuzi kabla haujafika Igoma. Pengo lako halianzi mbalamwezi inapoanza, na haliishi inapoisha. Linasogea mbele na kurefuka kidogo. Weka siku 12, kuanzia siku ya 2 kabla ya mwezi mpevu, na mara chache utakosea.

Kiasi: mtu mzima anatosheka na gramu 35 za dagaa wakavu kwa mlo wa ugali wenye mchuzi, mtoto gramu 20. Nyumbani kwako ni gramu 140 na gramu 40, jumla 180 kwa mlo. Mara 4 kwa wiki ndani ya siku 12 ni milo 7, yaani gramu 1,260. Ukichambua utapoteza vichwa vilivyovunjika, mchanga na takataka, asilimia 10 hadi 15. Nunua kilo 1.5, basi. Kama nyumba yako inakula dagaa kila siku, milo ni 12 na kilo ni 2.5. Kuzidisha hapo ni kuwafugia wadudu chakula.

Nunua kwa mizani, hata kama mchuuzi anapima kwa kisado. Kisado cha dagaa wazima kina hewa nyingi, cha dagaa waliovunjika kimejaa, na cha dagaa wenye unyevu kina maji unayoyalipia kwa bei ya samaki. Na ununue siku ya 10 hadi ya 8 kabla ya mwezi mpevu. Giza bado lina nguvu, mzigo ni mwingi, na unabaki na siku za kuwaanika upya na kuwapima. Anayesubiri hadi mwisho wa giza anakuta kila mama ntilie amepata wazo hilohilo.

Wakati wa kuchagua, chukua mmoja umvunje katikati. Mkavu hukatika kwa mlio. Mbichi hupinda kwanza. Tazama tumbo: likiwa na rangi ya fedha au kijivu ni sawa, likiwa la manjano ya kahawia na linang'aa kama limepakwa mafuta, mafuta yake yameshaharibika na hakuna namna ya kuyarudisha. Dagaa ni samaki mwenye mafuta yanayoharibika haraka yakikutana na hewa, mwanga na joto. Hilo ndilo linaloamua umri wa akiba yako kuliko kitu kingine chochote. Kisha tia konzi moja kwenye bakuli la maji safi, koroga, subiri dakika moja. Mchanga ukitanda chini, hao walianikwa ufukweni. Walioanikwa juu ya vichanja huacha maji karibu masafi. Uliza pia mzigo ulipangwa kwa ajili ya nini. Dagaa wa kuku huuzwa palepale kwa bei ya chini, na wengi wao walinyeshewa, wakaanikwa tena, wakanyeshewa tena. Rahisi si jina baya, lakini hapa linakudanganya.

Ukifika nyumbani, usiwaamini. Samaki mbichi wa aina hii ana maji karibu robo tatu ya uzito wake, ndiyo maana kilo 3.5 hivi za wabichi hutoa kilo moja ya wakavu. Ili ukungu usiote, maji yanatakiwa kushuka hadi asilimia 12 au chini yake, na macho hayawezi kutofautisha asilimia 12 na 18. Mizani inaweza. Pima gramu 200, waanike kwenye jua kali kwa saa 3 juu ya kitambaa kilichoinuliwa kutoka ardhini, pima tena. Wakipungua zaidi ya gramu 2, rudia. Uzito ukigoma kushuka mara mbili mfululizo, wamekauka. Ikiwa 200 zimeshuka hadi 182, ulinunua dagaa wenye maji kama asilimia 18, na katika kila kilo ulilipia gramu 90 za maji. Hao ndio waliokuwa kwenye ndoo yako, bila shaka.

Baada ya kukausha inabaki kazi ya pili ambayo watu huiruka, kuua mayai. Viwavi vyenye manyoya ulivyoviona ni watoto wa mbawakawa wa samaki wakavu, na huenda uliona pia kidudu kidogo kinachong'aa bluu chenye miguu myekundu. Hawakuingia kwenye ndoo ukiwa umelala. Mayai yalikuja na dagaa kutoka sokoni, na kwa joto la Mwanza wiki 5 hadi 7 zinatosha yai kuwa mbawakawa anayetaga. Wiki yako ya 6 inaingia humo kabisa. Kuna njia tatu za kuwamaliza, chagua inayokufaa.

Jua na nailoni ni ya bei nafuu kuliko zote. Tandaza turubai jeusi, mwaga dagaa waliokwisha kukauka kwa unene usiozidi sentimita 2, funika kwa nailoni inayopitisha mwanga, bana kingo zote kwa mawe. Joto ndani hupita nyuzi 60, ambazo wadudu hawavumilii. Anza saa 5 asubuhi, toa saa 8 mchana. Ni mbinu ileile inayotumika kwa kunde. Ole wako ukiwaweka kabla hawajakauka: watatoa jasho chini ya nailoni na kuiva nusu, na hapo umewatayarisha kuoza.

Siku ya mawingu, tumia jiko. Mkaa mchache, sufuria pana, gramu 250 kwa mara moja, koroga bila kuacha kwa dakika 8 hadi 10, wasibadilike rangi. Joto hili linaharakisha kidogo kuharibika kwa mafuta, kwa hiyo waliokaangwa hivi uwale ndani ya mwezi. Njia ya tatu ni friza: wafunge vizuri, uwaache siku 4 kwenye nyuzi 18 chini ya sifuri. Ukiwatoa usifungue mfuko mpaka upate joto la chumba, vinginevyo umande utatua moja kwa moja juu ya samaki uliyejitaabisha kumkausha.

Kwa njia yoyote, waache wapoe kivulini kama saa moja chini ya chandarua safi, kisha wafunge kabla jua halijazama, maana hewa ya ziwani ya jioni ina unyevu na dagaa mkavu anaunyonya kama sifongo. Kuwafunga wakiwa na joto huenda ni kosa la pili lililokuwa kwenye ndoo yako. Mvuke hupanda, hugusa kifuniko, hudondoka, na ukungu huanzia juu.

Vyombo: achana na ndoo moja kubwa. Kila ukifungua kuchukua mlo, hewa mpya na unyevu mpya vinaingia kwa milo yote iliyobaki. Pima gramu 180, ona zinajaza kopo la ukubwa gani, kisha tafuta makopo 7 ya ukubwa huo yenye kifuniko cha kuzungusha, yaliyooshwa na kukaushwa juani siku nzima. Yale ya siagi ya karanga yanafaa sana. Jaza hadi shingoni, gonga chini mezani, ongeza, funga. Nafasi tupu ndani ya kopo ni hewa inayokula mafuta ya dagaa. Mfuko mwembamba wa plastiki haufai peke yake, kwa sababu vichwa vikavu vinautoboa kutoka ndani na viwavi vinautoboa kutoka pande zote. Yaweke kwenye kabati lenye giza, mbali na jiko, juu ya ubao na si juu ya sakafu ya saruji. Andika tarehe ya mwezi mpevu uliowawekea.

Watu watakushauri pilipili kavu, majani ya mwarobaini, majivu. Havitakudhuru, ila haviui mayai yaliyomo tayari. Lakini dawa ya kuhifadhia mahindi usiiguse, wala ya kupulizia mende. Mahindi yanapepetwa, yanaoshwa na kusagwa. Dagaa analiwa mzima, kichwa, tumbo na ngozi yenye mafuta, na mafuta hayo yanaishika sumu vizuri.

Na chumvi? Inasaidia ukianza na dagaa wabichi: gramu 100 katika lita moja ya maji, waloweke dakika 10 hadi 15, wachuje nusu saa, kisha waanike. Nzi hawawapendi sana na mafunza hupungua. Ila chumvi huvuta maji kutoka hewani unyevu ukizidi asilimia 75, jambo la kawaida usiku wa masika. Kwa hiyo dagaa wa chumvi ni wazuri wakati wa kiangazi, kuanzia Juni hadi Septemba, na ni wasumbufu Aprili.

Kuhusu Aprili na Mei, hapo ndipo akiba yako inapata maana kamili. Mbalamwezi ya Julai ni usumbufu tu, kwa sababu giza lililotangulia lilikuwa na jua na sokoni kuna mzigo mzuri uliobaki. Mbalamwezi ya masika inafuata giza ambalo wavuvi walipata dagaa lakini jua halikupatikana. Wengi waliozea kwenye vichanja, waliosalia wakauzwa nusu wabichi. Kwa miezi hiyo weka akiba ya mbalamwezi mbili, yaani kilo 3, na uinunue kabla mvua hazijakolea. Mwaka 2026, kwa mfano, mwezi mpevu unaangukia tarehe 2 Aprili, tarehe 1 Mei, na tena tarehe 31 Mei. Mei moja ina mbalamwezi mbili, mwanzoni na mwishoni, na katikati giza moja la kujaza makopo. Usilikose hilo la katikati, hata kwa kukausha jikoni.

Zaidi ya miezi miwili na nusu usiweke. Wadudu unaweza kuwashinda, lakini mafuta yataendelea kuharibika polepole hata ndani ya kopo lililofungwa vizuri, na dagaa wataanza kukwaruza koo. Dagaa waliofukwa kwa moshi hudumu zaidi kidogo kwa sababu moshi unachelewesha uharibifu huo, ukiwapata. Unga wa dagaa kwa uji wa watoto ni kinyume chake: ukishasaga umewafungulia hewa kila upande, kwa hiyo saga wa siku 5 hadi 7 tu na uache wengine wakiwa wazima.

Sasa dagaa wa Kigoma. Ni watamu, hakuna ubishi, lakini kama akiba ya mbalamwezi hawakusaidii jinsi unavyofikiri. Nao huvuliwa usiku kwa taa, katika Ziwa Tanganyika, na mwezi unaowaangazia wavuvi wa kule ni huuhuu wa Kirumba. Pengo lao na pengo lako yanatokea wiki ileile. Vivyo hivyo kwa dagaa wa baharini wanaovuliwa kwa taa. Ukiwanunua wakati wa mbalamwezi unanunua akiba ya mtu mwingine, pamoja na nauli na faida yake.

Kinga ya kweli ni chakula kisichotegemea taa. Sato na sangara huvuliwa kwa nyavu za kutega (makila) na ndoano, na mapanki, yaani mabaki ya sangara yenye mifupa, hupatikana pia, lakini umesema mama mkwe hali. Basi kwa milo miwili kati ya ile 7 mpe nsansa kwa karanga: konzi mbili za majani makavu ya kunde, gramu 150 za karanga zilizosagwa kwa watu 6. Hapo akiba ya dagaa inashuka hadi kilo moja na robo na unapata nafasi ya kukosea siku moja mbili. Kama una friza, unaweza pia kugandisha wabichi wa giza la mwisho: waliofika mwaloni, pale mitumbwi inaposhusha samaki, alfajiri hiyohiyo, wagumu, matumbo hayajapasuka, gramu 500 kwa kila mfuko uliolazwa bapa kwa unene wa sentimita 3 ili wagande haraka. Umeme ukikatika usifungue. Friza iliyojaa hushika baridi kama saa 48, iliyo nusu kama saa 24.

Wakati wa kupika akiba, mimina maji ya moto, acha dakika 2, chuja, osha mara moja kwa maji ya baridi, kisha endelea kama kawaida. Wakiwa wazuri harufu itabaki ya dagaa. Ndimu na nyanya zitaficha harufu mbaya lakini hazitarudisha mafuta, kwa hiyo onja kabla ya kutia viungo.

Wale wa kwenye ndoo watupe. Wenye ukungu usiwape hata kuku. Ndoo yenyewe isugue kwa maji yanayochemka, hasa mfereji wa ndani ya kifuniko, iache juani siku nzima. Halafu chunguza ubao ambao ndoo ilikuwa imewekwa juu yake: viwavi hivi vikikaribia kugeuka mbawakawa hutoka kwenye chakula na kutoboa mbao laini vijifiche humo. Ukiona vitundu vidogo kwenye rafu, mwagia maji ya moto, ziba kwa nta ya mshumaa, na usiweke makopo mapya hapo mpaka wiki mbili zipite bila vumbi jipya chini yake.